Nipimwe ADHD (tatizo la kukosa umakini na utulivu) katika umri huu, au nipuuze?

Mshumaa: Ndugu wanajukwaa, nina umri wa miaka 36, na tangu nipandishwe cheo siwezi kumaliza ripoti moja bila kufungua nyingine. Jana nimekuta jibu nililomwandikia mkuu wangu wiki iliyopita likiishia kwenye neno “Kuhusu”. Daktari mmoja aliniuliza maswali sita akasema nina ADHD, mwingine akaniambia nikalale mapema. Nimsikilize yupi?

Sungura Mpole: Zamani hali hiyo iliitwa uvivu, na dawa yake ilikuwa sauti ya baba.

Bi Tulia: Pole, mdogo wangu. Mimi nilithibitishiwa nikiwa na miaka 41, kwa sababu nilipokuwa nikimjazia binti yangu fomu za vipimo niliona kila jibu linanieleza mimi. Usikubali kuitwa mvivu.

Tabibu Mstaafu: Maswali hayo sita ni ya kuchuja tu, hayathibitishi kitu. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013, DSM-5, unamtaka mtu mzima awe na angalau dalili 5 za kupoteza umakini, au 5 za utukutu na papara, na kadhaa kati yake ziwe zilijitokeza kabla hajafikisha miaka 12. Utotoni ulikuwaje? Unatumia dawa yoyote?

Mshumaa: Utotoni nilishika nafasi ya kwanza darasani. Dawa sikutaka kuitaja: mwenzangu kazini hunigawia vidonge vyake vya methilifenideti, dawa ya ADHD, na nikimeza ripoti inakwisha kabla ya mchana. Je, huo si ushahidi tosha? Presha ninayo, lakini ndogo.

Tabibu Mstaafu: Si ushahidi, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuongeza umakini hata kwa asiye na ADHD, tena hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Wenye ADHD ya kweli inawasaidia sana, lakini wao hupimwa kwanza.

Kalamu Nyeusi: Mniwie radhi, lakini mtu aliyeshindwa kumaliza barua anawezaje kupanga nukta na mkato namna hii? Huyu anatunga, au anatafuta wateja wa vidonge.

Bi Tulia: Mwenye ADHD huweza kuzama saa nzima katika jambo lisilo la lazima, ndugu yangu. Mimi mwenyewe sasa hivi nimekimbia kazi.

Mshumaa: Siuzi chochote. Kesho nawasilisha bajeti. Daktari nitamwona baadaye.

Tabibu Mstaafu: Basi pima presha sasa, kabla ya kumeza kingine, na uandike namba hapa.

Mshumaa: 158 kwa 99. Lakini nilikuwa nimetoka kupanda ngazi.