Bwawa la bustanini limetelekezwa, perege wanahema juu kila alfajiri: nianzie wapi?

BustaniMoro
Shikamooni wakubwa, na wadau wengine habari zenu. Niko Morogoro. Tumehamia nyumba ya marehemu baba mkwe, na uani kuna bwawa la zege alilojenga mwenyewe, mita 4 kwa 3, kina kama mita 1. Tangu alipougua hakuna aliyeligusa. Mwembe umelifunika upande mmoja, maji ni kijani kizito, ukizamisha mkono kidogo tu vidole huvioni. Perege wamejaa tele, ila mkubwa wao hazidi kiganja. Kinachoniumiza ni alfajiri: wote wako juu, midomo nje, wanahema. Jua likipanda wanashuka. Jirani anasema nitie mrututu maji yang'ae. Shemeji anasema nimwage yote, nisugue, nianze upya. Hawa samaki mzee aliwapenda, sitaki kuwapoteza. Nifanyeje?

MzeeWaMabwawa, Songea
Marahaba binti. Mrututu usiuguse. Huo ukijani ni mwani, yaani vimea vidogo sana vinavyoelea majini. Mchana unatoa oksijeni, usiku unaitumia, na matope yanayooza chini nayo yanaivuta. Kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza ndipo samaki wanapobanwa zaidi. Ukiua mwani wote kwa mkupuo utaoza humo humo, na asubuhi utakuta samaki wanaelea.

Leo hii acha kuwalisha. Pumba isiyoliwa inazidi kuoza. Kisha chukua wavu wa mpini, opoa majani ya mwembe taratibu, ukianzia kingoni. Usiingie ndani kukoroga. Yale matope meusi yakitibuliwa yanatoa harufu ya yai viza, na hewa hiyo ni sumu kwa samaki. Yanyonye kwa mpira: ujaze maji, ziba ncha zote mbili, moja izame hadi chini, nyingine ishuke bustanini pahali palipo chini kuliko bwawa, halafu achia. Isogeze ile ncha ya ndani polepole, kama unayefagia chumba alicholala mtoto. Hayo matope peleka kwenye migomba na mchicha, utaona vinavyonawiri.

Yakishatoka maji theluthi moja, simama. Bwawa lako lina lita 12,000 hivi, basi ni kama lita 4,000. Jazia maji mapya, na yaanguke kutoka juu kupitia chekeche ili yabebe hewa. Siku chache baadaye rudia. Shemeji ana haki kutaka usafi, lakini kubadili maji yote kwa siku moja kunawashtua samaki.

Sasa jambo lenyewe hasa: samaki wamezidi. Perege anaanza kuzaa angali mdogo, na jike anatunza mayai na vitoto mdomoni, kwa hiyo wengi wanapona. Chakula kinagawanywa kwa mamia na hakuna anayekua. Bwawa lisilo na mashine ya hewa, bakiza wawili au watatu kwa mita ya mraba, yaani 24 hadi 36. Chagua wenye afya, waliobaki kaanga, mzee hatachukia. Ukiweza bakiza madume tu. Wengine hutia kambale wachache ili wale vitoto vya perege. Ni njia nzuri, ila kambale wawe wadogo kuliko perege unaotaka kuwatunza, la sivyo watawamaliza wote.

Mwembe usiukate. Punguza matawi yaliyo juu ya maji, kivuli kidogo kibaki.

MamaMfugaji
Naongezea la maji, dada. Kama ni ya bomba, yaache kwanza kwenye simtanki au mapipa yaliyo wazi siku moja au mbili, klorini ipungue. Inachoma mashavu ya samaki. Mimi situmii maji yaliyotoka bombani muda huo huo hata kama naona yako safi.

BustaniMoro
Asanteni sana, Mungu awabariki. Majani tumeyatoa, tumejaza karai na karai. Maji yaliposhuka nimeona ufa, unaanzia kona ya mwembe kwenda chini. Mume wangu anataka auzibe kwa sementi. Samaki wakae wapi?

MzeeWaMabwawa, Songea
Wahamishie kwenye mapipa au simtanki, kivulini, ukitumia maji ya bwawa hilo hilo, na wasibanane. Funika kwa wavu maana perege anaruka. Mume wako apanue ufa kwa patasi, aondoe vumbi, alowanishe, ndipo azibe. Kama mzizi wa mwembe umefika hapo aukate kwanza.

Sementi mbichi ndiyo ya kuogopa, inatoa chokaa majini na samaki hawaivumilii. Ikishakauka jaza maji, tumbukiza vipande vya mgomba, acha siku kadhaa, mwaga. Rudia mara mbili au tatu ndipo uwarudishe. Siku ya kuwarudisha waweke kwenye ndoo ya maji waliyotoka, ongeza maji ya bwawa kikombe kwa kikombe kwa dakika 20 hivi.

Baada ya hapo lisha kidogo asubuhi na jioni, kile wanachomaliza kwa robo saa. Kila wiki zamisha mkono ukiwa umenyoosha vidole. Kiganja kikipotea maji yanapofika kiwikoni, ukijani unatosha. Kikipotea mapema zaidi, punguza pumba na ubadili maji kidogo.