Ukuta wa nyumba ya bibi Unguja unamenyeka tangu upigwe simenti, na mjomba anataka matumbawe ya baharini. Tufanyeje?

BintiMalindi
Habarini wadau. Mie naishi Temeke ila nyumba ya ukoo ipo Malindi, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, aliiacha marehemu bibi, ya ghorofa moja, kuta nene mpaka ukikaa dirishani unapandisha miguu yote na nafasi inabaki. Miaka mitatu nyuma tulichanga hela tukamchukua fundi kutoka huku huku Dar, fundi mzuri tu wa nyumba za tofali, akabandua plasta yote ya zamani kule chini akapiga simenti, ikatoka laini kama meza. Masika ya kwanza hayajaisha rangi ikaanza kuvimba, sasa hivi ukigonga kwa kidole inalia kama mtungi mtupu, na pale ilipodondoka mawe yanatoka unga mweupe, nimeuonja kwa ulimi ni chumvi kabisa. Halafu zamani unyevu ulikuwa unaishia magotini, sasa hivi umefika kifuani.

Mjomba anasema dawa ni kubomoa kile kipande tujenge upya kwa matumbawe yenyewe, na kuna watu wamemwambia watamletea jiwe la baharini kwa ngalawa, jepesi, linachongeka. Hilo limenikaa vibaya kwa sababu matumbawe yana uhai. Nyumba naipenda na bahari naipenda. Naombeni ushauri kwa anayejua.

FundiChokaa_Ilala
Pole sana dada. Usimlaumu sana fundi wako, kwenye tofali angekuwa sahihi, ila ukuta wa mawe ya matumbawe hauna tabia ya tofali. Lile jiwe lina vitundu vitundu kila mahali, linanyonya maji kutoka chini na chumvi yake. Wazee walilijua hilo ndo maana walipaka chokaa, kwa sababu chokaa inapumua, maji yanapanda kidogo halafu yanatokea usoni mwa ukuta yanakauka na upepo. Ukipiga simenti umeuziba ukuta mdomo, maji yanakosa pa kutokea yanaendelea kupanda juu, na ndo maana kutoka magotini yamefika kifuani. Chumvi nayo inaganda nyuma ya plasta, inavimba, inaisukuma nje.

Kwa hiyo usibomoe ukuta! Bandua simenti yote taratibu kwa patasi na nyundo ndogo, maana ukiipiga kwa nguvu inaondoka na jiwe. Halafu uache ukuta wazi ukauke, na hapa ndo watu wengi wanashindwa kwa sababu ni miezi, sio wiki. Ile chumvi ifagie kwa brashi kavu, usiimwagie maji maana itarudi ndani. Ukishakauka ndo upige chokaa iliyozimwa vizuri, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga, na mchanga usiwe wa ufukweni tafadhali. Juu yake chokaa ya maji tu, usipake rangi ya mafuta wala ya plastiki. Plasta hiyo baada ya miaka kadhaa itachoka na utaipiga tena, ndo kazi yake, ichoke yenyewe jiwe libaki.

Ukitaka kuona ukuta wa aina hiyo hata kesho bila kuvuka bahari nenda pale Old Boma karibu na bandari, imejengwa miaka ya 1860 enzi za Sultan Majid kwa mawe hayo hayo, na mpaka leo imesimama.

Mzamiaji_Kunduchi
Namuunga mkono fundi, ila mimi nije kwenye hilo la ngalawa kwa sababu limeniuma. Kuna mawe ya aina mbili hapa na watu wanayachanganya. Lipo jiwe la nchi kavu, lile la maweni kule kusini na mashariki ya Unguja, hayo ni matumbawe yaliyokufa kitambo, bahari ilipokuwa juu kuliko leo zaidi ya miaka laki moja iliyopita, maji yakashuka yakabaki mwamba. Sehemu kubwa ya kuta za Mji Mkongwe ni hilo. La pili ndo hilo analotaka mjomba, linakatwa baharini likiwa hai, likiwa bichi ni laini linachongwa kwa tezo kama mbao, likikauka linakuwa gumu. Wazee walilitumia kwa vitu vya heshima, vibla na fremu za milango, ukienda msikiti wa Kizimkazi utaona kibla chenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na kule Kilwa Kisiwani na Songo Mnara vile vile. Kazi nzuri mno, mimi nikiiangalia nasimama muda mrefu.

Lakini tumbawe la aina hiyo linakua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Jiwe la kufika gotini ambalo wao watalikata asubuhi moja kwa mtaimbo limekaa pale miaka hamsini hivi, na changu na chewa wadogo wanajificha humo humo. Na matumbawe yetu yameshapigwa na baruti, yakapigwa na joto la 1998 yakawa meupe, mengine hayakurudi. Nazama Mbudya na Bongoyo mara kwa mara, hizo ni hifadhi tangu 1975, na hata huko unapita juu ya uwanja mzima wa vipande vipande kama vigae vilivyovunjika. Mwambie mjomba na shikamoo zake, ila hilo jiwe asilinunue.

MzeeWaShangani
Mjukuu wangu, hao wawili wamesema kweli. Mimi nimezaliwa Mji Mkongwe, nipo Magomeni huku kwa wanangu. Mawe yaliyodondoka usiyatupe, yaweke pembeni, yarudi ukutani hayo hayo na chokaa na udongo mwekundu, ndivyo tulivyoona kwa wazee. Na kabla hamjagusa kitu pelekeni habari kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, mji wote upo kwenye urithi wa dunia tangu 2000, kibali ni lazima na wao wanawajua mafundi wa chokaa.

Sasa jambo ambalo hujalisema, boriti je? Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu ya boriti, mti wa mkoko hauendi zaidi ya mita tatu hivi ukabeba sakafu. Unyevu ukipanda na paa likavuja, ncha ya boriti inaozea ndani ya ukuta, wewe huku chini unaiona nzima. Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la masultani pale Forodhani, ilipoanguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 watu wawili walikufa, nyumba ya tangu 1883 ile, nililia kama nimefiwa.

Nilipokuwa mdogo niliona sakafu ya juu inapigwa kwa jirani. Wanawake wamejipanga safu, kila mmoja na kigongo chake, chokaa na kokoto chini, wanapiga kwa kufuata wimbo, siku ya kwanza mlio mzito, siku ya tatu mlio umekuwa mwembamba, fundi mkuu ameinamisha sikio anasikiliza, akasema bado, wakaendelea. Sakafu hiyo haikupitisha tone.

BintiMalindi
Shikamoo babu, na asanteni nyote. Nimeongea na mjomba usiku huu, mwanzo alikuwa mkali ila nilipomsomea hilo la miaka hamsini akanyamaza, akasema atawapigia wale wa ngalawa wasije. Jumamosi navuka na boti ya asubuhi. Babu, boriti naijuaje kama imeoza na ncha ipo ndani ya ukuta?

MzeeWaShangani
Marahaba. Chukua bisibisi ndefu, panda ngazi, ichome pale pale boriti inapoingia ukutani, kwa upande wa juu. Ikigoma ni nzima. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, weka nguzo chini yake siku hiyo hiyo, na watoto wasilale chumba hicho.