Chemshabongo ya herufi saba: "walilima" lihesabiwe kuwa neno?

Bajaji Nanenane:
Wakuu, heshima kwenu. Naendesha bajaji hapa Dodoma, kijiwe changu kipo stendi ya Nanenane. Mwaka jana abiria mmoja alinionyesha kwenye simu mchezo wa Spelling Bee wa gazeti la New York Times. Herufi saba zimepangwa kama sega la nyuki, unaunda maneno ya herufi nne kwenda juu, kurudia herufi ruksa, ila ile ya katikati lazima iwemo. Ukipata neno lenye zote saba umelamba dume.

Kiingereza changu kinaishia njiani, nikauhamishia kwenye Kiswahili. Kila alfajiri kabla ya kuwasha chombo naandika herufi saba kwenye kipande cha boksi, namwachia binti yangu wa darasa la sita juu ya mfuniko wa ndoo. Mimi naondoka nazo kichwani. Usiku tunalinganisha.

Jumanne niliweka W, A, K, U, I, M, na L katikati. Kutwa nzima nimewaza: malkia, wakili, mamlaka, lawama, limau, na lile kubwa lenyewe, wakulima. Jumla 19. Nafika nyumbani, mtoto ana 61! Nafungua daftari: alilia, walilia, alimlilia, walimlilia, alilima, walilima... ukurasa mzima umezaliwa na "lia" na "lima". Nikakataa. Akanuna, akaniuliza, "Baba, kwani hicho si Kiswahili?" Nikakosa jibu. Chini kabisa kaandika Mlimwa na Makulu. Hayo nilifuta kwa kuwa ni majina ya mitaa, ingawa nilifurahi sana kuona mji wetu umo mle ndani.

Vitenzi tuvihesabu vipi? Sitaki kumvunja moyo, na sitaki mchezo ufe.

Ticha Kongwa:
Mkuu, fuata kamusi. Utakuta "lima", na minyambuliko yake kama limia na limika. "Walilima" hutaikuta, maana *wa* ni watendaji, *li* ni wakati uliopita, *lima* ndicho kitendo. Hiyo ni sentensi nzima iliyoandikwa bila nafasi. Kiingereza hapo kinahitaji maneno mawili, ndiyo maana wenzetu hawasumbuki na jambo hili.

Bajaji Nanenane:
Nashukuru Mwalimu. Lakini kamusi inaanza na "mkulima", wingi wake unatajwa pembeni tu. Nikienda hivyo, wakulima naye anatoka, na ndilo neno nililochagulia herufi zote.

Ticha Kongwa:
Kweli, hapo umenibana. Basi ruhusu wingi wa nomino, kataa kitenzi chochote kilichobeba nafsi na wakati. Na "kulima" ikatae pia, la sivyo kila kitenzi atakihesabu mara mbili.

Mama Hombolo:
Wanangu, mbona mmepita kimulimuli? Na kiwiliwili? Herufi zake zote zimo kwenye zile saba. Nimeyapata nikiwa kwenye mizabibu, hata simu sikushika. Baba, huyo mtoto usimfutie. Mgawie ukurasa wa pili wa vitenzi, ashindane na nafsi yake. Kuandika "walimlilia" bila kukosea si kazi ndogo kwa darasa la sita.

Fundi Area C:
Kaka, tatizo jingine ni uchaguzi wa herufi. Spelling Bee hawaweki S, kwa sababu ingezalisha wingi ovyo. Kwetu wingi na nafsi vinakaa mbele ya neno, kwa hiyo W na M ukiziweka pamoja na L na I umefungua bomba la "wali" na "alim". Katikati usiweke A kamwe, vitenzi vyetu vya asili karibu vyote vinaishia nayo. Na irabu zisipungue tatu, la sivyo utabaki na konsonanti zisizo na mahali pa kutua.

Bajaji Nanenane:
Mama, shikamoo. Kimulimuli nimemsomea binti usiku huu, amepiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Ukurasa wa pili tumeuchora kwa rula, vitenzi vyake 38 vimehamia huko, na kwenye ukurasa wa kwanza bado ananizidi.

Kesho boksi lina W, A, F, U, J, I, na G katikati. Neno la herufi zote saba naomba asilitaje mtu kabla ya saa kumi na mbili jioni, uzi huu tunausoma wote wawili.