Wakubwa wa gildi ya World of Warcraft, acheni kuwaambia wageni wachukue uhunzi na uhandisi bila uchimbaji. Mnawanyonya!

Wakuu heshima kwenu, na machalii wote wa Chuga na Moshi mnaopiga gemu usiku watu wakiwa wamelala. Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji, ila hili limenifika shingoni na leo nalitapika lote.

Naongelea mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft, ile Classic (toleo la zamani) iliyorudishwa mwaka 2019, yenye kikomo cha leveli 60. Tuna gildi, yaani chama cha wachezaji, ya Waswahili humo. Wengi tuko Arusha, wengine Moshi, wachache wametapakaa Dar na Nairobi. Sitataja jina la gildi wala la mtu, wenyewe wanajijua na najua wanasoma hapa. Gildi hiyo ina mwongozo wa wageni, umebandikwa juu kabisa kwenye grupu, na mgeni akiingia anaambiwa ausome kabla hajauliza swali lolote. Ukifika kwenye fani, mwongozo unamwambia kila mwenye shujaa wa kuvaa chuma achukue uhunzi na uhandisi. Atajitengenezea silaha, atajitengenezea mabomu, na madini asihangaike nayo kwa sababu ndugu wapo watamuuzia.

Hao ndugu watakaomuuzia ni akina nani? Ni walewale walioandika mwongozo! Kila mmoja wao ana mhusika wa pili, mchimbaji wake wa pembeni, anayezunguka kugonga mawe usiku kucha.

Kwa msioucheza mchezo huu, kila mhusika anaruhusiwa fani kuu mbili tu. Kuna za kukusanya: kuchimba madini, kuchuma mitishamba, kuchuna ngozi. Kuna za kutengeneza: uhunzi, uhandisi, ushonaji, ufundi wa ngozi, alkemia (kuchanganya dawa), na ile ya kuzindika silaha na nguo. Kupika, kuvua samaki na huduma ya kwanza hazihesabiki, kila mtu anachukua zote. Ujuzi wa fani unaanzia 1 mpaka 300, na kila hatua inakula malighafi. Kwa hiyo kazi yote ya kuchagua ni kutafuta fani mbili ambazo moja inailisha nyingine. Mitishamba inailisha alkemia. Ngozi unazochuna zinakwenda kwa fundi ngozi. Madini yanakwenda kwa mhunzi au kwa mhandisi.

Sasa angalieni walichokifanya. Uhunzi unakula madini. Uhandisi unakula madini yaleyale! Unaanza na shaba, unaingia kwenye bati, unayeyusha shaba na bati pamoja upate bronzi, kisha chuma, kisha chuma unakichanganya na makaa ya mawe kupata chuma cha pua, halafu Mithril, halafu Thorium. Hata mawe ya kawaida yanayotoka pamoja na madini yana kazi: mhunzi anayageuza mawe ya kunolea, mhandisi anayasaga baruti. Mtu uliyemnyima sururu umemnyima vyote hivyo kwa mkupuo, na umempa midomo miwili ya kulisha. Hakuna mchanganyiko unaomtegemeza mgeni kwa muuza madini kuliko huu, na ndio walioupendekeza.

Mtoto wa shangazi yangu anasoma chuo Moshi. Alikuja kwangu Sakina likizo, na jioni moja akafungua kompyuta yake mezani akanionyesha mhusika wake. Shujaa wa leveli 38 amesimama Ironforge, mbele ya lile tanuru kubwa la katikati ya mji, nyundo mkononi, hana cha kufua. Uhunzi umemkwama kwenye 140 na kitu, uhandisi uko nyuma zaidi. Nikamwambia, "Dogo, fungua begi." Vipande viwili vya bronzi, mawe ya kunolea, nguo chakavu. Dhahabu hazifiki tatu! Farasi wa leveli 40 pamoja na mafunzo yake ni dhahabu 100 bila punguzo, na huyu hana hata ya kuanzia.

Nikamuuliza hela zimekwenda wapi. Akasema, "Kaka, madini." Akaenda kwenye sanduku la barua. Barua tatu zinamsubiri, zote kutoka kwa wakubwa wa gildi, kila moja ina fungu la vipande 20 vya chuma, na zote ni za lipa ndipo uchukue. Nikamwambia asilipe kwanza, twende mnadani. Mnada wa Ironforge uko palepale, ni kutembea kidogo tu. Tukatafuta fungu lilelile la vipande 20. Mnadani, kwa watu tusiowajua, wanaokatwa asilimia 5 na mnada kwa kila wanachouza, bei ilikuwa chini kuliko ya hao ndugu ambao kwenye barua hawakatwi hiyo asilimia!

Dogo alinyamaza. Mimi ndiye niliyepandisha.

Sisi watu wa Arusha tusijifanye hatuyajui mambo haya. Sonara wa mjini asiye na mtu wake machimboni Mererani anamtegemea dalali, na bei ni ile atakayoitaja dalali. Ndicho walichomfanya dogo, tofauti ni kwamba hapa dalali ndiye pia aliyemshauri awe sonara na akamkataza asiende Mererani.

Najua majibu yatakayokuja kwa sababu nimeshayasikia kwenye grupu nilipouliza, kabla sijaondolewa haki ya kuandika.

La kwanza, eti uhandisi ni lazima kwa reidi (yale mapambano ya kundi kubwa dhidi ya majitu ya mchezo) na kwa kupigana na wachezaji wengine. Uhandisi ni mtamu, sikatai. Mabomu yake mengi na vifaa vyake huwezi kuvitumia kama huna fani yenyewe, hata ukivinunua. Lakini utamu huo unauonja ukiwa leveli 60, na mwenza wake wa halali ni uchimbaji. Mgeni wa leveli 12 anayekimbizwa na nguruwe pori Westfall bomu la reidi la nini?

La pili, eti asiyependa afute fani achukue nyingine. Mnalisema hilo kirahisi kama kubadilisha shati. Ukifuta fani, ujuzi wote umekwenda, unaanza na 1. Mapishi yote uliyojifunza yamekwenda, pamoja na yale adimu uliyoyaokota kwa bahati. Shujaa wa leveli 38 anarudi Dun Morogh kugonga shaba na watoto walioanza mchezo leo asubuhi, kwa sababu ujuzi wa 1 hauwezi kugusa chuma. Bati lenyewe linadai ujuzi wa 65, chuma 125, Mithril 175. Ni usiku mwingi wa mtu mnaoutupa hapo.

La tatu ndilo lililonikera kuliko yote. Eti atengeneze mhusika wa pili awe mchimbaji. Nyinyi mna wahusika wa pili kwa sababu wa kwanza ameshafika 60 na anawalisha. Huyu mtoto analipa euro 12.99 kwa mwezi, ananunua bando la usiku, na seva iko Ulaya, kwa hiyo majira yao ya baridi reidi ya saa 2 usiku kwao ni saa 4 usiku kwetu. Anapata masaa machache kabla ya kulala. Mnataka ayagawe kwa wahusika wawili ili asiwaharibie biashara?

Sasa, kwa sababu sitaki uzi uwe wa kulalamika tu huku wageni wanaendelea kupotea, naandika hapa kile ambacho mwongozo ungepaswa kusema.

Mgeni asiye na mtu wa kumlisha, chukua fani mbili za kukusanya. Zote mbili. Uza kila unachookota mpaka upate farasi wako, habari za kutengeneza utazifikiria baadaye. Na katika za kukusanya, uchimbaji na uchunaji ngozi ndiyo ndoa bora kwa anayeanza. Sababu yake hawa wakubwa wanaijua vizuri na hawaisemi. Kwenye Classic, ile ramani ndogo ya pembeni inakuonyesha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiwasha ya kutafuta madini, ya kutafuta mitishamba imezimika. Anayechukua uchimbaji na mitishamba anashinda akibonyeza huku na huku, na kila anapoangalia moja anaipita nyingine. Uchunaji hauna shida hiyo kabisa. Mnyama umeshamuua, amelala mbele yako, unatoa kisu unachuna. Unapanda leveli na begi linajaa, hujatoka hata hatua moja nje ya njia yako. Kitu kimoja tu, sururu na kisu vinakaa begini, usije ukaviuza kwa bahati mbaya ukiwa katikati ya pori.

Mwenye kuvaa nguo za kitambaa, yaani mchawi, kuhani na mwenzao wa mapepo, huyo ana njia yake. Ushonaji hauna fani ya kukusanya inayoulisha, vitambaa vinatoka kwa wanadamu na viumbe wa namna hiyo unaowaua: kitani, sufu, hariri na kuendelea. Ndiyo maana ushonaji unakwenda na uzindikaji. Unashona nguo za kijani (za daraja la juu kidogo ya kawaida, jina lake linaandikwa kwa kijani), unazivunja, unapata vumbi la kuzindikia. Ila mjue uzindikaji ni fani ya wenye hela. Fimbo zake, kuanzia ile ya fedha, zinatengenezwa na mhunzi, na kwenye Classic huwezi kuweka uzindikaji mnadani, lazima usimame mjini uite wateja na kila mmoja mkutane ana kwa ana. Mgeni mwenye haya atalala njaa.

Alkemia na mitishamba sina la kusema sana. Ni jozi safi, haijawahi kumtupa mtu, chupa zinauzwa dukani. Dawa ndogo ya kuponya inahitaji Peacebloom moja, Silverleaf moja na chupa tupu, mimea yenyewe imejaa kwenye maeneo ya mwanzo kabisa.

Na mwenye kuvaa chuma, kama roho yako iko kwenye uhunzi, beba uhunzi na UCHIMBAJI. Kama iko kwenye uhandisi, beba uhandisi na UCHIMBAJI. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, ili mtu akiukata mwongozo wao na kuubandika huu asikosee. Uhunzi na uhandisi pamoja ni wa mtu mwenye mchimbaji wa pembeni aliyekamilika, na mtu huyo hahitaji mwongozo wa wageni.

Nimalizie na wakubwa wenyewe. Hamkuwalazimisha watu, nakubali. Mliwaambia tu "someni hapa", na mtu mgeni akiambiwa na wakongwe wa lugha yake, watu wa mji wake, watu aliowakuta anawaamkia "shikamoo" kwenye maongezi ya sauti, anaamini. Kwenye gildi ya Wazungu dogo angetumia akili yake, angesoma, angebishana. Kwenu alikuja akiwa ameshusha ngao kwa sababu ni nyumbani. Hilo ndilo linaloniuma. Chuma angeweza kununua popote.

Ninachotaka ni hiki. Kipengele cha fani kitolewe kwenye mwongozo leo, kisisubiri kikao. Barua za lipa-ndipo-uchukue kwa mwanachama yeyote aliye chini ya leveli 40 zikome. Madini yakiuzwa ndani ya gildi yauzwe kwa bei isiyozidi ya mnada ya siku hiyo, na yawekwe kwenye grupu kila mtu aone. Na wale wageni walioshikwa na mchanganyiko huo, msiseme hawajulikani, orodha ya wanachama inaonyesha leveli za wote, mnaweza kuwauliza mmoja mmoja jioni moja tu.

Mimi mchimbaji wangu yuko eneo la Un'Goro. Mgeni yeyote wa Arusha au Moshi aliyekwama na fani hizo mbili aniandikie humu ndani ya mchezo au kwenye uzi huu, nitamtumia shaba, bati na chuma cha kumfikisha pa kupumulia, bila malipo, barua ya kawaida.

NYONGEZA: Wawili wameshaniandikia pembeni kunitaka nifute uzi "kwa ajili ya umoja". Sifuti. Dogo ameshafuta uhandisi, amechukua sururu, yuko Dun Morogh sasa hivi naandika hapa. Zile barua tatu zimerudishwa kwa wenyewe bila kulipwa. Nasubiri jibu la kiongozi mwenyewe hapa hadharani. Chawa wake wasijisumbue kunijibia.