Masomo ya kroshia ya "wanaoanza kabisa" yanamficha anayeanza mambo ya msingi

Wanajamvi, nimechoshwa na walimu wa kroshia (ufumaji wa uzi kwa sindano yenye ndoano) wanaoandika "kwa wanaoanza kabisa" juu ya somo, kisha wakafundisha kana kwamba mwanafunzi alizaliwa na sindano mkononi. Somo lililonifikisha hapa ni la kufuma kwa kitanzi cha nyuma pekee. Kila anayelifundisha huapa kuwa halina ugumu wowote, kwa sababu mshono ni uleule wa kawaida, ila badala ya kupitisha sindano chini ya vitanzi viwili, unaipitisha chini ya kimoja. Hilo ni kweli, na sibishani nalo. Kinachoudhi ni kwamba maelezo yanaishia hapo.

Ukiitazama kazi kwa juu, kila mshono una vitanzi viwili vilivyolala mfano wa herufi V, na kile kilicho mbali nawe ndicho cha nyuma. Ni sentensi moja tu, lakini wengi hawaitamki. Hawasemi pia kwamba "nyuma" hupimwa kwa jinsi unavyoishika kazi wakati huo, wala si kwa upande wa ndani wa vazi, kwa hiyo ukigeuza kazi kuanza safu mpya, kitanzi kilichokuwa karibu nawe ulipofuma safu iliyopita ndicho kinachogeuka kuwa cha nyuma. Asiyeambiwa hivyo huendelea kukiandama kitanzi cha upande uleule, na mwishowe hupata mistari upande mmoja tu wa kitambaa, ilhali alichoahidiwa ni matuta ya pande zote mbili yanayovutika vizuri kwenye ukingo wa kofia au mkono wa sweta. Halafu anaambiwa afanye mazoezi zaidi! Mazoezi ya nini, ikiwa hajui anachokosea?

Wanaofundisha kwa nusu mshono mrefu, ule wenye kimo kati ya mshono mfupi na mshono mrefu, ndio wananikera zaidi. Mshono huo, kwa kuwa uzi huzungushwa kwenye sindano kabla ya kuingizwa, huacha kitanzi cha tatu chini kidogo ya ile V. Ukifuma kwa mzunguko bila kugeuza kazi, kinakaa nyuma na ni rahisi kukidhania kuwa ndicho kinachotajwa. Ukigeuza kazi, kinakutazama usoni na kuvuruga hesabu yote ya kipi ni cha mbele na kipi ni cha nyuma. Mwalimu anayeujua mshono huo hawezi kuwa hajakiona. Kwa nini basi hakitaji? Na kwa nini aonyeshe haya yote kwa uzi mweusi wenye manyoya, ambao hata fundi mzoefu angehangaika kuona vitanzi vyake?

Tukija kwenye kingo, hali ni mbaya zaidi. "Endelea hivyo hadi mwisho," anasema, na picha inaruka hadi kitambaa kilichokamilika, wakati ni palepale mwisho wa safu ambapo kitanzi cha nyuma hujibana na kupotea machoni. Wapo wafumaji wanaoshika vitanzi vyote viwili kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho ili ukingo uwe imara, na huo ni uamuzi halali, lakini mwanafunzi anastahili kuelezwa. Vilevile aelezwe kama mnyororo wa kugeuzia, yaani vile vitanzi vya kuinulia kazi mwanzoni mwa safu mpya, unahesabiwa kuwa mshono: kwa mshono mfupi mnyororo huwa mmoja na kwa kawaida hauhesabiwi, kwa mshono mrefu huwa mitatu na mara nyingi huhesabiwa, na kwa nusu mshono mrefu kila mwandishi ana lake. Mwandishi akinyamaza, mshono mmoja hudondoka kila safu na skafu inaelekea kuwa pembetatu.

Sijagusa hata suala la majina, ambapo jina lilelile la "double crochet" ambalo kwa Wamarekani ni mshono mrefu, kwa Waingereza ni mshono mfupi, na bado watu wanachapisha maelekezo bila kutaja wanafuata utaratibu upi.

Mwenye somo linaloonyesha safu nzima bila kukatwa, kwa uzi wa rangi nyepesi, pamoja na mshono wa kwanza na wa mwisho kwa karibu, tafadhali aliweke hapa. Wale wa "ni rahisi tu, utazoea" naomba wapite kimya.