Baba ana Parkinson, miwani mipya haimsaidii

BintiKibosho:
Shikamooni wakubwa. Baba ana miaka 71, huu ni mwaka wa nne na Parkinson. Mkono kutetemeka tumeshazoea, kinachonitesa ni macho. Mwaka huu nimemtengenezea miwani mara mbili, na kwenye ubao wa herufi anasoma mpaka mstari wa chini. Lakini uji kwenye bakuli jeupe anauacha nusu akidhani umekwisha. Jioni anakosa ngazi ya mwisho ya baraza. Msimu huu alichuma kahawa mbivu na mbichi pamoja, mtu aliyechuma tangu utoto! Aliponikuta nazichambua alinyamaza tu, mpaka leo inaniuma. Ugonjwa huu unaingia machoni?

MuuguziMachoMstaafu, Arusha:
Marahaba mwanangu, pole. Ndiyo, unaingia. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, nayo ina seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ileile inayopungua kwenye ubongo wa mwenye Parkinson, ndiyo inayosaidia jicho kutenganisha kitu na kilicho nyuma yake. Ikipungua, herufi nyeusi kwenye ubao mweupe atazisoma, ila uji mweupe ndani ya bakuli jeupe unampotea. Rangi nazo huchanganya. Hapo miwani haina kazi.

Kipimo cha OCT hupiga picha ya tabaka za retina, na kwa wagonjwa wengi zile za ndani huonekana zimekonda. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2023 kwamba dalili hiyo ilionekana hata miaka 7 kabla ya ugonjwa kutambuliwa.

Lakini nakusihi, usiseme "ni Parkinson tu" ukaishia hapo. Presha ya macho nayo hula mshipa wa fahamu wa jicho, polepole, bila maumivu. Apimwe. Kama anameza Artane, dawa ya kutuliza kutetemeka, mwambie daktari wa macho, maana kwa baadhi ya watu inapandisha presha hiyo.

MamaNgaramtoni:
Mama yangu alikuwa hivyohivyo. Nilimnunulia bakuli la bluu, ukingo wa kila ngazi nikapaka rangi ya njano, taa ya baraza nawasha kabla giza halijaingia. Tena mwangalie kama anapepesa. Mama alikuwa anakodoa tu, macho yanakauka na kuwasha, akaandikiwa matone.

BintiKibosho:
Asanteni sana. Kweli, hapepesi, nilidhani ananikazia macho. Leo nimeshuka Moshi mjini nikapata bakuli jekundu, uji ameumaliza wote. Jumatatu nampeleka hospitali ya KCMC akapimwe presha ya macho. Kahawa nitamwomba tuchume pamoja saa nne, jua likishapanda.