Adapta ya Wi-Fi ya USB inakatika kila mara kwenye Linux Mint, naomba msaada

mkonge_tz

Wakuu, habari za jioni. Nina adapta ya Wi-Fi ya USB, ile ndogo ya ukubwa wa ukucha, kwenye laptopu yenye Linux Mint 21, kerneli (kiini cha mfumo) 5.15. Nipo Raskazone, Tanga, ruta iko chumba cha pili tu.

Inakatika kwa namna mbili. Mara inapotea kabisa, halafu inarudi yenyewe baada ya sekunde kadhaa. Mara nyingine ikoni inaonyesha imeunganishwa ila hakuna ukurasa unaofunguka mpaka niichomoe na kuichomeka upya. Hii ya pili hutokea laptopu ikikaa muda bila kutumika. Nikinakili mafaili kwenda kwenye diski ya nje, iliyo tundu la jirani la USB 3.0, hali inakuwa mbaya zaidi.

lsusb (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB) inaitambulisha kwa namba 0bda:8179. Kwenye dmesg (kumbukumbu za kerneli) nimekuta haya:

```
usb 3-2: USB disconnect, device number 9
usb 3-2: new high-speed USB device number 10 using xhci_hcd
usb 3-2: device descriptor read/64, error -71
```

waya_shaba

Mkuu, hayo ni magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Anza na hiyo dmesg. Namba 9 imekuwa 10: kompyuta imeona kifaa kimechomolewa na kuchomekwa tena ilhali hakuna aliyekigusa. Error -71 ni mawasiliano kuharibika kwenye waya wa USB wenyewe, kabla hata ya kufika mambo ya Wi-Fi. Mara nyingi chanzo ni mguso mbovu au umeme hafifu.

Kwa mtu wa Raskazone ningeanza na mguso, maana upepo wa bahari unabeba chumvi. Washa tochi, tazama vile vibati vinne ndani ya kichwa cha adapta. Vikiwa safi vinang'aa rangi ya dhahabu. Ukiona madoa meusi au unga wa kijani, umepata mchawi. Chovya mswaki laini kwenye alkoholi ya isopropili ya 90% au zaidi, sugua kufuata urefu wa vibati, acha ikauke dakika 15. Tundu la laptopu nalo lisafishe, laptopu ikiwa imezimwa. Usiguse msasa wala kisu! Tabaka la dhahabu ni jembamba mno, likishatoka kutu inarudi kwa kasi zaidi.

Suala la diski: USB 3.0 ikifanya kazi hutoa kelele za redio kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz ambayo Wi-Fi yako inatumia. Intel walilieleza jambo hili mwaka 2012. Kwa namba ile ya 0bda:8179, chipu yako ni RTL8188EUS, haina masafa ya 5 GHz ya kukimbilia. Kwa hiyo iondoe hapo: tumia waya wa ekstensheni wa USB 2.0 wa mita 1, adapta ikae mbali na diski na waya wake. Soma maandishi kwenye ganda la waya. AWG ni kipimo cha unene, namba ndogo ndiyo nene. Ukiona 28AWG/1P+24AWG/2C, nyaya mbili za umeme ni za 24, nene za kutosha. Zikiwa 28 zote, umeme unapungua njiani na -71 itarudi.

pwani_root

Kwa ule ugonjwa wa pili, zima uokoaji umeme:

`sudo iw dev wlan0 set power_save off`

waya_shaba

@pwani_root hiyo ni sahihi kwa adapta nyingi, ila si kwa huyu. Kwenye 5.15 chipu hii inaendeshwa na draiva (programu ya kuendesha kifaa) r8188eu, ya mtindo wa zamani, na hiyo amri ya iw haiioni kabisa. Mkuu, hakikisha jina la draiva kwa `lsusb -t`, kisha zima uokoaji umeme kwenye draiva yenyewe na uipakie upya:

```
echo "options r8188eu rtw_power_mgnt=0" | sudo tee /etc/modprobe.d/r8188eu.conf
sudo modprobe -r r8188eu
sudo modprobe r8188eu
```

Hiyo ni ya kukusogeza tu. Dawa yenyewe ni kuhamia kerneli 6.3 au mpya zaidi, ambako draiva rtl8xxxu inaitambua chipu hii. Unganisha simu kwa waya upate intaneti ya kupakulia, halafu:

`sudo apt install linux-generic-hwe-22.04`

Ukiwasha upya, `lsusb -t` iseme Driver=rtl8xxxu. Usihangaike na draiva za kujikusanyia mtandaoni. Kerneli ikisasishwa zinavunjika, nawe unabaki bila mtandao wa kuzitengenezea.

mkonge_tz

Nimesafisha, unga wa kijani ulikuwepo kweli kwenye kibati cha pembeni. Kerneli sasa ni 6.8 na rtl8xxxu imeonekana. Nijuaje kama imepona?

pwani_root

Fungua madirisha mawili ya terminali. Moja `sudo dmesg -w`, jingine ping (amri ya kupima kama kifaa kinajibu) ya anwani ya ruta, siyo ya tovuti, ili matatizo ya mtandao wa nje yasikuchanganye. Nakili faili la GB 5 hivi kwenda kwenye diski. Ping zikipotea lakini dmesg imetulia, sogeza adapta. Namba ya kifaa ikipanda tena, jaribu tundu jingine.

waya_shaba

Na ikipanda kwenye kila tundu, basi adapta imekufa. Tafuta yenye chipu ya AR9271, draiva yake iko kwenye kerneli miaka mingi. Boksi mara nyingi halitaji chipu, kwa hiyo nenda na laptopu dukani Ngamiani, uichomeke na usome lsusb kabla ya kulipa: iandike 0cf3:9271.